Nusu Kilo ya Bi Tatu

Niliitoa mimi. Naandika hivyo mapema, kabla sijaanza kuzunguka, kwa sababu najijua: nikipewa aya mbili za utangulizi nitapata mlango wa kutokea. Sanda ya Bi Tatu niliitoa mimi kwenye begi la bibi yangu, kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, na kwa zaidi ya miaka arobaini nimesema sikuligusa begi lile. Nilimwambia bibi hivyo. Nilimwambia mama. Nilimwambia hata mume wangu, ambaye hakuwa ameniuliza.

Ubaya ni kwamba nimekula kwa uongo huo. Wanaonisoma wananijua kama yule mama wa begi dogo. Nimeandika miaka mingi kuhusu kusafiri na vitu vichache: namna ya kuviringisha nguo badala ya kuzikunja, kwa nini usibebe chupa tatu za mafuta wakati kopo moja linatosha, kwa nini kandambili ndicho kiatu cha pili cha mtu mwenye akili. Niliwahi kukaa Arusha wiki mbili na begi ambalo mhudumu wa hoteli alidhani ni la chakula changu cha mchana. Na makala yangu iliyopendwa kuliko zote, ile ambayo watu bado hunitumia kwenye simu bila kujua kwamba ni mimi niliyeiandika, ilianza na kisa cha bibi yangu wa Kariakoo aliyekwenda Hija na mzigo mdogo kuliko wa mahujaji wote, akajisifu mpaka akaisahau nyumbani sanda ya rafiki yake. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikajiona fundi.

Kilichonichokonoa ni harufu. Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kutafuta zipu, kwa sababu begi langu nalo limezeeka na mimi ni mbishi, sinunui jingine. Nikaingia duka la vitambaa. Mama muuzaji, miwani ikining'inia shingoni, alikuwa anampimia mteja bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Alilitupa jora juu ya meza, likajikunjua mara tatu, na hewa ikajaa ile harufu ya wanga mkavu, kama chaki iliyochanganyika na uji wa jana. Akakata kidogo kwa mkasi, kilichobaki akakichana kwa mikono. Bafta ikichanwa hutoa sauti moja ndefu, iliyonyooka. Niliisikia sauti ile nikiwa na miaka tisa, nimeshika pembe moja ya kitambaa, na Bi Tatu ameshika nyingine. Nikatoka dukani bila zipu. Nikasimama nje, kati ya mikokoteni na wauza soksi, mtu mzima mwenye digrii mbili, nimeshikilia nguzo ya umeme huku watu wakinipita na kuniambia, "Mama, pisha njia."

Bibi yangu mzaa mama, Bi Zuhura, alikuwa na nyumba Mtaa wa Sikukuu: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye bomba na jiko. Leo pale pana ghorofa, na usawa wa kitanda chake wanauza kava za simu. Mama yangu alikuwa muuguzi Lindi, mimi nikaletwa Dar kusoma, nikalala chumba kimoja na bibi. Aliniita mke mwenzangu, kwa kuwa babu, alipokuwa hai, alikuwa amenichumbia kama wanavyowachumbia wajukuu zao mababu wote.

Ujanani bibi alikuwa akisafirisha kanga kwa meli kutoka Dar hadi Lindi na Mtwara, na huko ndiko alikojifunza kufunga mzigo. Kwenye meli, alisimulia, mwenye mzigo mkubwa alikesha akiulinda, yeye wa kwake aliulalia. Kila alichokichukua safarini kilipaswa kufanya kazi mbili. Kikombe chake cha bati kilikuwa sufuria. Kanga ilikuwa nguo, shuka, taulo, pazia, na ikibidi begi. Kitu cha kazi moja kilibaki nyumbani, na kitu kisicho na kazi hakikuzungumzwa kabisa. "Mimi sibebi kitu ambacho sitakitumia," alikuwa akisema, na maneno hayo niliyashika kuliko hesabu za shule. Ndiyo yaliyoniponza.

Zamu yake ya kwenda Hija ilipofika hakununua sanduku. Alikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi anayeshona maturubai ya malori, akachagua kipande kilichobaki, akashonewa begi la ukubwa wa mto. Mkanda wa begani ulitolewa kwenye siti ya gari bovu. Lilinuka dizeli wiki nzima, likaanikwa uani mpaka kuku wakalizoea. Wenzake wa msafara walikuwa wanafunga sembe, dagaa, majiko ya mafuta ya taa na mablanketi. Bibi akatangaza barazani kwamba yeye ataingia Makka na kilo saba, asizidishe hata sindano. Mtaa mzima ulijua.

Aliyemcheka zaidi alikuwa Bi Tatu. Bi Tatu alipanga chumba kinachotazamana na chetu, alikaanga vitumbua barazani kila asubuhi, na miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba kutoka barazani hadi bombani alipumzika mara mbili. Yeye na bibi walikuwa pamoja tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Walisimangana kila siku, na siku wasiposimangana ulijua mmoja anaumwa.

"Zuhura, unakwenda Makka au unakwenda msalani?" Bi Tatu aliuliza siku ile ya kufunga, akiwa ameujaza mlango. "Safari ya mwezi na zaidi, na mzigo wa mtu anayekwenda kuoga."

"Wewe ukienda kununua nyanya unabeba makapu matatu. Ya nini yote?"

"Moja la nyanya. Mawili ya watu wanaoniomba niwachukulie."

"Ndiyo maana hujafika popote."

"Nimefika kwako, mbona. Miaka thelathini sijatoka."

Kisha akatoa kifurushi kwapani. Ilikuwa bafta yake, ile tuliyoichana pamoja, imekunjwa na kufungwa kwa utepe wa kitambaa hicho hicho. Wanawake wa kwetu wanaokwenda Hija hubeba sanda zao, wakazichovya kwenye maji ya Zamzam, wakazianika kwa jua la kule, wakarudi nazo kuziweka sandukuni kungoja siku. Asiyeweza kwenda humpa anayekwenda. Bi Tatu aliinunua ya kwake kwa fedha za vitumbua, zilizotengwa kidogo kidogo asubuhi hadi asubuhi, kwa sababu alitaka sanda iliyotoka kwenye jasho lake mwenyewe. Watu wengi walikuwa tayari kumnunulia. Aliwakatalia wote, pamoja na binti yake Rukia, aliyekuwa ameolewa Temeke.

"Miguu hii haifiki kule," alisema. "Nichovyee."

"Nitaichovya kwa mkono wangu."

"Na siku yangu unioshe wewe. Sitaki hawa wa kupapasapapasa."

"Nikitangulia mimi je?"

"Nitakuosha. Nitaomba kigoda nikae, lakini nitakuosha."

Walisema hivyo kama watu wanaopanga nani aende dukani. Lilikuwa agano lao la zamani: atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzake. Bibi alikipokea kile kifurushi kwa mikono miwili, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akipokea kitu kutoka kwa Bi Tatu bila kukitafutia dosari.

Begi lilikwenda kupimwa kwa muuza mchele wa pembeni, Mpemba mmoja mwenye mizani ya mawe. Likaja kilo nane. Bibi hakubishana na mizani. Alilifungua pale pale juu ya gunia, akatoa gauni la tatu, akatoa kandambili za akiba, akaazima kisu akaukata mche wa sabuni katikati. Kifurushi cha Bi Tatu alikishika, akakipima kwa kiganja, akakirudisha. "Hiki ni cha mtu," alisema. Likaja saba kamili. Mpemba akampa mkono kama anampongeza aliyefaulu mtihani.

Siku za mwisho nyumba ilijaa wageni wa kuaga. Nilikaa chini kwenye mkeka nikichambua mchele, na juu yangu maneno yakipita. Mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya hamu, kwamba mwenye bahati ni yule anayefia kule kule, akazikwa kwenye ardhi ile, asirudi tena kwenye taabu za huku. Wote wakasema amina. Bibi naye akasema amina, tena ya kwake ilikuwa ndefu.

Nikayaunganisha mambo kwa akili ya miaka tisa, akili ambayo ni kali sana isipokuwa haijui kitu. Bibi habebi kitu ambacho hatakitumia. Ndani ya begi kuna sanda. Basi bibi anakwenda kuitumia. Habari za Zamzam nilizisikia, lakini niliona ni kama kuifua nguo kabla ya kuivaa. Kwamba ilikuwa ya Bi Tatu halikunisumbua pia: mwenye nayo safarini ni bibi, na kanga za watu bibi alikuwa akizivaa kila siku. Ningeweza kuuliza. Lakini kwetu mtoto alikuwa haulizii vifo vya wakubwa, na mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu, sifa ambayo imenigharimu sana.

Alasiri ya kuondoka, bibi akiwa anaoga na wageni wakiwa barazani, nilifungua begi la turubai. Nilijua kila kitu kilipo, kwa kuwa wakati wa kufunga ni mimi niliyekuwa nikimpa kimoja kimoja. Kifurushi kilikuwa chini ya kanga. Nikakitoa, nikazitawanya kanga zikajaza pengo, nikafunga, nikakisukuma kifurushi chini ya godoro langu. Sikutetemeka. Nilijiona nimefanya kazi ambayo watu wazima wote wa nyumba ile wameshindwa. Bibi alipolitia begi begani alilichezesha kidogo, akacheka.

"Mpemba mwizi yule. Eti kilo saba, mbona jepesi."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikamwambia, "Utarudi."

"Inshallah."

"Hapana, bibi. Utarudi."

Akanifinya shavu. Alidhani nataka kulia.

Wiki zote alizokuwa huko nililala juu ya siri yangu kwa raha ambayo sijaipata tena. Na kweli akarudi, amekonda, ameungua na jua, mzima. Walimpokea kwa vigelegele, wakamshukuru Mungu, nami nikamshukuru, ila moyoni nilijua kuna mtu mwingine wa kushukuriwa ambaye watu hawakumtaja.

Barazani wakakaa kusikiliza. Bibi alianza na begi, kabla hata ya Kaaba. Kwamba siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, wenzake walifungua masanduku sakafuni, dagaa zikamwagika, watu wakagombana na kamba. La kwake likawekwa juu ya mizani likaja kilo sita na nusu, na yule mpimaji akamuuliza, "Mama, unasafiri au umesindikiza?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi Tatu, aliyeletewa kiti, naye alicheka. Halafu nikamwona ameacha kabla ya wengine.

Wageni walipopungua bibi alimwita chumbani. Mimi nilikuwa nakunja nguo kitandani, nikaendelea kukunja. Bibi akatoa kifurushi cheupe ambacho sikukijua.

"Tatu, yako sikuiona. Nimelipekua begi kule mpaka kwenye mishono. Nikanunua nyingine, nikaichovya mara mbili. Ya kwanza ya sanda, ya pili ya kukuomba radhi."

Bi Tatu hakunyoosha mkono. "Ya kwako ilifika?"

Ya bibi ilikuwa imefika. Hapo ndipo nilipojua kwamba bibi naye alikuwa na sanda yake, ameishonea ndani ya foronya, na safari nzima ilikuwa ndio mto wake. Kazi mbili. Sikuiona kwa sababu nilitafuta kifurushi.

"Ya kwako ilifika," Bi Tatu alisema polepole. "Kwa Mpemba ilikuwa saba. Uwanja wa ndege sita na nusu. Hiyo nusu ni mimi, Zuhura."

"Nikufanyie hivyo kwa ajili ya mizani, Tatu?"

"Kwa ajili ya mizani, hapana. Kwa ajili ya baraza."

"Ichukue hii basi. Maji ni yale yale."

"Maji ni yale yale. Vitumbua ni vyangu."

Akaanza kutoka, akishika ukuta. Alikuwa bado ukumbini, anasikia kila kitu, bibi aliponigeukia. "Mke mwenzangu, uliligusa begi langu?"

Nimeishi na nafasi ile maisha yangu yote. Mlango ulikuwa wazi. Hatua za Bi Tatu zilikuwa nzito na za polepole, mwendo ambao Mungu angeweza kumpa mtu akitaka kumpa mtoto muda wa kutosha wa kusema kweli. Neno moja lingefika. Lakini nilikuwa nimetambua, kwa mara moja, kwamba sikumwokoa mtu, kwamba ule ushujaa wangu wote ulikuwa wizi, tena wizi wa kitu cha maiti, na nilimwogopa Bi Tatu kuliko nilivyompenda bibi.

"Sikuligusa," nikasema.

Bibi akaniamini hapo hapo. Hakuniangalia mara mbili. Laiti angenichapa.

Siku chache baadaye nikaanza kuogopa ushahidi. Kulikuwa na mtu aliyepita mitaani na gunia akikusanya matambara ya kuwapelekea mafundi wa magari Gerezani, ya kufutia grisi. Nikamvizia kwenye kona, nikampa kifurushi. Akakifungua, akaipapasa bafta.

"Hii mpya, mtoto. Mama yako amekutuma?"

"Amenituma."

Akanipa paketi ya ubuyu. Nikaula wote njiani, mpaka mbegu nikazimung'unya zikawa nyeupe. Miaka mingi baadaye gari langu liliharibika Gerezani, fundi akachomoa kutoka mfukoni kitambaa cheupe kilichojaa oili, akajifuta mikono. Nilimwambia nitarudi kesho. Nilirudi baada ya siku nne.

Bi Tatu hakugombana. Angegombana ingekuwa afadhali, kwa maana wale wawili walijua kugombana. Alianza kumsalimu bibi kwa adabu. "Hujambo, Bi Zuhura." Miaka thelathini alikuwa hajawahi kumwita Bi. Kabla mwaka haujaisha Rukia akaja na mkokoteni, wakapakia kitanda, makarai na jiko, Bi Tatu akahamia kwa binti yake Temeke. Baraza likabaki na doa jeusi la mafuta, na asubuhi zetu zikakosa harufu.

Kwa bibi mambo yalikwenda polepole zaidi, na ndiyo yanayoniuma. Alikuwa na uhakika kwamba alikitia kile kifurushi begini. Aliwaambia watu hivyo mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu alisema, "Nadhani nilikitia." Kisha akaanza kurudi mlangoni kuangalia kama amefunga, kurudi jikoni kuangalia kama amezima. Mwanamke aliyeweza kufunga mzigo wa Mtwara gizani, kwa kupapasa tu, akawa ananiita nimhesabie vitu vya kwenda navyo sokoni. "Niangalizie, mke mwenzangu. Bibi yako kichwa kimetoboka." Nikamwangalizia. Nilikuwa na msaada sana. Watu walinisifu.

Hakusafiri tena. Mama alimsihi aje Lindi kupumzika, akasema atasahau nini tena, atamsahau nani. Begi la turubai aliligawa kwa mtu aliyekuja kuomba kitu cha kuwekea mkaa.

Bi Tatu alifariki nikiwa kidato cha pili. Habari ililetwa asubuhi, na bibi aliondoka peke yake, haraka, bila kuniita nimhesabie kitu. Alirudi kabla ya adhuhuri. Nikamuuliza mbona mapema, akasema watu walikuwa wengi. Akaingia ndani akavua gauni, akalikunja vizuri, akakaa. Nilidhani ni kiburi. Nilidhani amekwenda, akaona watu wanamtazama, akashindwa kujishusha hata siku ile. Nilimkasirikia, fikiria hilo. Mimi nilimkasirikia yeye.

Bibi naye aliondoka duniani nikiwa chuo kikuu. Alioshwa na kina mama wa msikitini, wema, wepesi, ambao walilazimika kuniuliza jina lake.

Halafu nikawa mwandishi. Nikajifanya nimerithi kutoka kwake kile kipaji cha kufunga mzigo, na nikamtumia kama mfano: tazameni bibi yangu, mwepesi mpaka akapitiliza. Wasomaji wakanipa jina zuri. Miezi kadhaa baada ya makala ile, binti mmoja nisiyemjua alinitumia ujumbe. Aliandika: *Shikamoo. Mama yangu ni Rukia, mtoto wa Bi Tatu. Anauliza huyo bibi wa kwenye makala ni Bi Zuhura wa Sikukuu? Namba yake hii.* Niliusoma, nikaufunga. Sikuujibu kwa miaka miwili. Nimewahi kuwaandikia watu ushauri wa kuacha nyumbani wasichokihitaji, na nilijiambia kwamba hilo nalo ni moja.

Siku ile ya bafta, nilipoiachia nguzo ya umeme, nilitembea hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi, nikakaa kwenye benchi nje, nikaupekua ujumbe ule, nikapiga.

"Shikamoo, Da Rukia."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mjukuu wa Bi Zuhura. Wa Sikukuu."

"Yule mwembamba? Wa kulialia?"

"Huyo huyo."

"Kumbe ujumbe wa mwanangu umefika leo. Mtandao wa kwenu mbovu kweli."

Nikacheka, na kicheko kikanifia mdomoni. Kisha nikamwambia. Nilianza na begi, nikajikamata, nikaanza na mkono wangu. Hakunikatiza. Nilisikia televisheni ya kwake ikipunguzwa, halafu ikizimwa.

"Uliipeleka wapi?" aliuliza.

"Nilimpa mtu wa matambara. Wa Gerezani."

"Ya kufutia magari."

"Ndiyo."

"Mama aliinunua kwa vitumbua."

"Najua, dada."

"Hujui. Mimi ndiye niliyekuwa nikiamka kumtwangia mchele, kabla sijaolewa." Akavuta pumzi. "Alipofariki tulimvalisha ya dukani, niliinunua mimi asubuhi ile ile. Sasa ngoja na mimi nikwambie. Bibi yako alikuja. Tulikuwa hatujamwosha bado. Kaja amekunja mikono ya gauni mpaka hapa, kwenye kiwiko, tayari. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, Bi Zuhura, mama amesema wewe hapana."

Basi lilisimama mbele yangu, likafungua milango, likaondoka.

"Akasemaje?"

"Akasema, haya mwanangu. Akageuka. Halafu akarudi hatua moja, akaniuliza, maji mmeyapasha? Mwenzangu hapendi maji ya baridi. Nikamwambia tumeyapasha. Akaondoka."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mama hakusema hivyo. Mama alikuwa hasemi kitu siku mbili kabla. Nilisema mimi."

"Basi tuko wawili, dada," nikasema. Nakiri kwamba nilisema kwa haraka, kwa faraja, kama mtu aliyepata wa kumsaidia kushika upande wa pili wa mzigo.

"Usijumlishe," akasema. "Ulikuwa na miaka mingapi ulipoitoa?"

"Tisa."

"Na leo una mingapi?"

"Hamsini na miwili."

Nilimsikia akisogeza kiti. Mahali fulani nyumbani kwake mtu alimwita, akajibu kwamba anakuja. Kisha akanirudia, taratibu, kama anayempa mtoto maagizo ya dukani asije akayasahau njiani.

"Yule wa tisa nimemsamehe, kuanzia sasa hivi, na mama namsemea tena. Huyu wa hamsini na miwili mwache kwanza."

Akakata simu.